Ndoo ngapi za sila? Shajara ya kupaka njia ya gari ya lami, Minnesota

Kabla ya kuanza

Nyumba iko kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis. Njia ya gari ni ya lami, inatoka barabarani hadi banda la gari, na umri wake haujulikani: wenye nyumba wa zamani walituachia karatasi za boila na za paa, za lami hakuna. Weusi umeshapotea, imebaki kijivu, na upande wa barabarani kokoto zimeanza kuchungulia.

Sila ninayoisema hapa ni lami iliyochanganywa na maji, udongo laini na mchanga kidogo. Inauzwa kwa ndoo. Unaimwaga, unaisambaza, maji yakikauka inabaki ngozi nyeusi. Haiongezi nguvu ya lami iliyo chini, na anayekwambia itaficha mabonde anakudanganya. Kazi yake ni kuzuia maji, jua na oili. Huku maji ndiyo yanayobomoa zaidi, kwa sababu yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na ufa wa Oktoba ukifika Aprili umekuwa kitu kingine. Baridi inazama ardhini kiasi kwamba kanuni za ujenzi za jimbo zinataka misingi ishuke angalau inchi 42 kusini na inchi 60 kaskazini.

Kila niliyemuuliza ninunue ndoo ngapi alinipa jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Kwa hiyo shajara hii imekaa zaidi kwenye hesabu. Kufagia na kuosha nitapita haraka, maana hayo kila mtu anayajua. Vipimo ni futi na galoni kwa kuwa ndivyo duka linavyouza. Mwishoni nimeweka lita kwa mita ya mraba.

Juni 14: Kupima eneo

Njia yetu si mstatili. Mbele ya banda ni pana, kisha inabanana kwa mkunjo, inanyooka, halafu inafunguka tena inapokutana na barabara. Ukichukua urefu wote, futi 78, ukazidisha kwa upana wa mbele ya banda, futi 20, unapata futi za mraba 1,560. Ukizidisha kwa upana wa katikati, futi 11, unapata 858. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni zaidi ya nusu ya kazi yenyewe, na zote mbili ni za uongo.

Niligawa sehemu nne kwa chaki:

A, mbele ya banda: 20 × 22 = 440.

B, mkunjo. Hapa hakuna fomula ya kukariri. Nilipima upana kila baada ya futi 4: 20, 17.5, 14.5, 12, 11. Unachukua nusu ya upana wa kwanza na nusu ya wa mwisho, unajumlisha na pana zote za katikati, kisha unazidisha kwa 4. Yaani 10 + 17.5 + 14.5 + 12 + 5.5 = 59.5; mara 4 = 238.

C, sehemu iliyonyooka: 11 × 34 = 374.

D, mdomo wa barabarani, unaotoka futi 11 hadi 17 kwa urefu wa futi 6: wastani 14 × 6 = 84.

Jumla futi za mraba 1,136, sawa na mita za mraba 105 na nusu.

Kabla ya kupima, fyeka kingo. Nyasi zilikuwa zimetambaa juu ya lami, na nilipozikata kwa sepeto upande wa kushoto wa C, upana uliongezeka kwa inchi kadhaa. Ukipima juu ya nyasi unapima bustani.

Juni 15: Kuchagua sila

Siku fupi. Dukani kuna ndoo za bei na majina ya kila namna, na zile za bei ya juu zinaahidi miaka mingi kwenye kifuniko. Nilichotazama ni vitu vitatu: iwe ya asili ya lami, iwe na mchanga ndani, na ujazo halisi. Ndoo inayoitwa ya galoni 5, ukisoma maandishi madogo, ina galoni 4.75, yaani lita 18. Robo galoni hiyo usipoihesabu, kwenye kazi ya ndoo saba imeshakula galoni moja na robo tatu.

Sila ya lami ya makaa ya mawe huku hairuhusiwi. Minnesota iliipiga marufuku jimbo zima kuanzia Januari 1, 2014, baada ya jiji la Austin, Texas, kutangulia mwaka 2006 na jimbo la Washington mwaka 2011. Sababu ni kemikali zenye sumu za jamii ya PAH zinazochubuka na vumbi lake, zikasombwa na mvua hadi kwenye maziwa. Mtu akikuletea ndoo ya namna hiyo kutoka jimbo jingine kwa sababu ni rahisi, mwachie mwenyewe.

Ndoo niliyoichagua imeandikwa "hadi futi za mraba 400". Shemeji yangu, ambaye alikuja kusaidia na kubaki kusimamia, alipiga hesabu papo hapo: 1,136 kugawa kwa 400 ni 2.84, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 5.68. "Shemeji, sita zinatosha, usimwage hela." Nilinunua moja. Hilo neno "hadi" lilikuwa linanisumbua.

Juni 22: Shimo na nyufa, duru ya kwanza

Shimo lilikuwa moja, ukingoni mwa D, inchi 18 kwa 12, kina 2.5. Hiyo ni inchi za ujazo 540, chini kidogo ya theluthi ya futi ya ujazo. Mfuko wa paundi 50 wa lami baridi, ile isiyohitaji kuchemshwa, ulitosha na kubakiza ujazo wa bakuli. Nilikata kingo ziwe wima, nikatoa uchafu, nikajaza kwa tabaka mbili na kushindilia kila moja. Angalia jambo moja: maelekezo ya mfuko niliyonunua yanataka siku 30 kabla ya kupaka chochote juu yake. Kwa hiyo shimo ndilo linalopanga kalenda. Ukiliacha hadi wiki ya kupaka, umekwama.

Nyufa hazihesabiwi kwa eneo, zinahesabiwa kwa urefu. Nililaza kamba juu ya kila ufa nikifuata mipindo yake, kisha nikaipima kamba. Zilizo nyembamba kama unywele sikuzihesabu, sila yenyewe inazijaza. Za kati ya robo na nusu inchi zilifika futi 95.

Galoni ya fila, yaani uji wa kujazia nyufa, imeandikwa "hadi futi 150". Hesabu yangu ilikuwa tofauti: upana wa wastani inchi 3/8, kina nilichokadiria inchi 3/4, galoni moja ina inchi za ujazo 231. Inatoka futi 68 kwa galoni. Nikanunua mbili.

Galoni ya kwanza iliisha kwenye futi 30.

Fila ilikuwa inaingia na kupotea. Unajaza hadi juu, unageuka kushika chupa vizuri, ukirudi imeshuka. Nilichomeka waya wa hanga kwenye ufa ambao sikuwa nimeujaza, ukazama karibu inchi mbili hadi kwenye kifusi cha chini. Ukirudi nyuma kwenye hesabu, galoni moja kwa futi 30 ni kina cha inchi 1.7, kwa hiyo waya na chupa walikuwa wanasema jambo moja. Kina cha ufa hakikadiriwi kwa macho. Pima kwa waya sehemu kadhaa kabla ya kwenda dukani.

Nilisimamisha kazi.

Juni 28: Nyufa, duru ya pili

Dawa yake ni kamba ya sponji. Ni kamba ya duara, nyepesi, inayouzwa kwa mzunguko. Unachukua iliyo nene kidogo kuliko ufa ili ibane. Kwa nyufa zetu nilichukua ya nusu inchi. Unaisukuma ndani kwa bisibisi bapa hadi ibaki nafasi ya nusu inchi juu, halafu fila inakaa juu yake badala ya kwenda kuzimu. Mchanga mkavu nao unafanya kazi hiyo, lakini kwenye mteremko mvua ikija kabla hujaziba unausomba wote.

Hesabu mpya ya futi 65 zilizobaki: inchi 780 × 3/8 × 1/2 = inchi za ujazo 146, kama galoni 0.63. Iliingia hivyo hivyo. Fila hii ya maji husinyaa ikikauka, kwa hiyo siku iliyofuata nilirudia juu ya nyufa zote 95, na galoni ya pili ikaisha mwishoni kabisa. Ningeweka kamba tangu mwanzo, futi zote 95 zingechukua chini ya galoni moja kwa mjazo wa kwanza, na ningebaki na zaidi ya nusu galoni.

Zile futi 30 za duru ya kwanza, zisizo na kamba, nimeziwekea alama kwenye mchoro wa nyumba. Tutaona majira ya baridi yatazifanya nini.

Julai 12: Kisanduku cha majaribio

Hii ndiyo siku ninayotaka wengine waiige, hata kama hawataiga nyingine.

Maandishi ya ndoo yanazungumzia sakafu laini, isiyonyonya, iliyopakwa na mtu asiye na haraka. Yetu ina hali mbili. A na B ni laini, zimekaa kwenye kivuli cha nyumba. C na D zimeliwa, ukipitisha kiganja unahisi kokoto. Hakuna namba moja inayoweza kufaa zote, na njia pekee ya kujua kila sehemu inakunywa kiasi gani ni kuinywesha.

Niliosha sehemu mbili tu, moja A na moja C, nikaacha zikauke. Nikazizungushia maskintepu, kila moja futi 5 kwa 8, yaani futi za mraba 40. Kisha unapima uzito wa ndoo kabla, unapaka, unapima baada. Uzito ni mwaminifu kuliko kuchungulia ndani ya ndoo na kusema "kama robo hivi".

Mizani ya bafuni ilishindwa. Nilisimama nayo nikiwa nimeshika ndoo, nikapaka, nikasimama tena, ikatoa namba ile ile kana kwamba sila haijatoka. Mizani nyingi za elektroniki hukumbuka uzito wa mwisho, na tofauti ikiwa ndogo zinakurudishia namba ya zamani. Nikaenda kuchukua mizani ya masanduku, ile ya kuning'iniza, ambayo kila nyumba inayosafiri kwenda Tanzania au Kenya inayo ndani ya droo. Ndoo nzima ilisoma paundi 47.6. Ingepita uwanja wa ndege bila faini. Ndoo tupu ya aina hiyo, niliyoazimwa na jirani, ni paundi 2.0. Kwa hiyo sila safi ni paundi 45.6 kwa galoni 4.75, au paundi 9.6 kwa galoni.

Kabla ya kupima, koroga hadi chini. Mchanga na udongo hukaa chini kama uji uliolala, na usipokoroga unapima maji ya juu. Nilitumia fimbo ya kukorogea inayofungwa kwenye drili, mwendo wa polepole ili isiingize povu.

Matokeo ya mkono wa kwanza: kisanduku cha A kilikunywa paundi 5.2, sawa na paundi 0.13 kwa futi ya mraba. Ukigawa 45.6 kwa 0.13 unapata futi 351 kwa ndoo. Kisanduku cha C kilikunywa paundi 8.2, yaani 0.205 kwa futi, sawa na futi 222 kwa ndoo.

Ndoo ile ile, asubuhi ile ile, mkono ule ule. Futi 351 na futi 222.

Julai 13: Mkono wa pili kwenye visanduku, na hesabu kamili

Mkono wa pili hunywa kidogo kwa kuwa matundu yameshaziba. A: paundi 3.6, yaani 0.09 kwa futi. C: paundi 4.8, yaani 0.12.

Sasa hesabu inajiandika. A na B pamoja ni futi 678. C na D ni 458.

Mkono wa kwanza: 678 × 0.13 = 88; 458 × 0.205 = 94. Jumla 182.

Mkono wa pili: 678 × 0.09 = 61; 458 × 0.12 = 55. Jumla 116.

Zote paundi 298. Niliongeza paundi 10 za sila inayobaki kwenye kuta za ndoo na kwenye brashi, nikapata 308. Gawa kwa 45.6, ndoo 6.75. Yaani saba, pamoja na ile niliyokwisha ifungua.

Nilinunua saba nyingine ili ziwe nane, duka letu linakubali kurudishiwa ndoo isiyofunguliwa. Afadhali uirudishe kuliko kukimbilia dukani katikati ya mkono wa pili na kukuta toleo jingine lenye weusi tofauti. Shemeji alitazama ndoo zikishuka kwenye gari, akanyamaza kwa namna inayosikika.

Kasoro ya njia hii ni ya macho tu. Mistatili miwili myeusi ilikaa kwenye lami ya kijivu wiki tatu, na mke wangu alikuwa akiniuliza kila jioni: "Baba watoto, hayo makaburi utayafukia lini?"

Julai 26: Kuosha

Mashine ya maji ya presha ya jirani, brashi ya waya, sabuni ya kuondoa mafuta. Magugu yaliyoota kwenye nyufa yaling'olewa kabla ya fila, kwa hiyo yalibaki ya kingoni tu.

Doa la oili lililokuwa A halikutoka kwa sabuni. Kipimo chake ni tone la maji: likisimama kama shanga, mafuta bado yapo na sila itabanduka hapo. Nilisugua tena, tone likasambaa kidogo lakini si vya kutosha, nikamalizia na praima ya madoa, ile inayopakwa kwanza ili sila ishike. Ni chupa ndogo.

Maji ya kuoshea yasielekezwe kwenye mfereji wa barabarani, unaenda moja kwa moja ziwani. Nilizungushia mchanga kwenye mdomo wa D, nikayasukuma kwenye nyasi.

Agosti 2: Mkono wa kwanza

Masharti ya ndoo: joto lisishuke chini ya nyuzi 50 za Farenhaiti, yaani 10 za Selsiasi, usiku na mchana, na mvua isinyeshe kwa saa 24. Usiku uliotangulia nilizigeuza ndoo zote kichwa chini, jambo linalopunguza kukoroga kwa nusu.

Tulianza banda tukishuka kuelekea barabarani. Kingo kwanza kwa brashi, kisha unamwaga mstari wa sila kwa upana na kuuvuta kwa skwiza, ile ya mpira ya kusukumia maji sakafuni, lakini ya kazi hii ina brashi upande wa pili. Mkono mwembamba. Ikibaki inang'aa kama dimbwi ni nzito mno, na nzito hupasuka.

Sehemu A na B zilikwenda kama kitabu, paundi 90 dhidi ya makadirio ya 88.

Saa sita jua lilikuwa limehamia C. Lami ilichemka kiasi cha kutokanyagika peku, na sila ikaanza kukauka chini ya skwiza kabla haijasambaa. Ikawa inajikunja na kuacha matuta, na ukirudi kuyasawazisha unang'oa. Tulisimama. Matuta mabichi tuliyakwangua kwa brashi, tukafunika ndoo, tukala. Saa kumi na moja jioni kivuli cha miti kiliposhuka, nilinyunyiza maji mepesi kwa pua ya bustani, lami ikawa na unyevu bila dimbwi, na kazi ikaendelea vizuri. Ungeweza kunyunyiza hata saa sita, lakini kwa jua lile yalikuwa yanakauka kabla hujaweka bomba chini. C na D zinahitaji asubuhi au jioni, basi.

C na D zilikula paundi 108. Makadirio yalikuwa 94. Jumla ya mkono wa kwanza, paundi 198.

Sababu ilionekana wazi baada ya weusi kukaa. Magurudumu ya gari hupita njia mbili zilezile kila siku, na njia hizo zimelika kuliko katikati. Kisanduku cha C kilikuwa katikati, kikaegemea njia moja tu kwa ukingo. Kwa njia nyembamba, kisanduku kikate upana wote, ukingo hadi ukingo: hapa ingekuwa futi 11 kwa 4, eneo karibu lilelile, lakini kingeonja njia zote mbili. Kwa matumizi halisi, C na D zilitoa futi 193 kwa ndoo, chini ya nusu ya maandishi.

Agosti 3: Mkono wa pili

Tulianza D asubuhi na mapema, tukapanda. Ni kinyume cha jana, na mtu wa mwisho hutokea kwenye nyasi pembeni mwa banda. Funga mlango wa mbele na uwaambie watoto.

Paundi 132, makadirio yakiwa 116. Kama nusu ya ziada hiyo ni visanduku: mkono wa kwanza tulivizunguka, lakini wa pili tulipita juu yake ili weusi ufanane, kwa hiyo futi 80 zilipata mkono wa tatu. Ukipanga hesabu, ongeza hilo tangu mwanzo. Nusu nyingine ni njia za magurudumu.

Jumla kuu paundi 330, sawa na ndoo 7.25. Ndoo ya nane ikafunguliwa kwa ajili ya mita chache za mwisho, na ndoo iliyofunguliwa hairudi dukani. Kwa kanuni ya maandishi zingekuwa 5.68, tungeishiwa tukiwa tumepaka mkono wa kwanza wote na chini ya nusu ya wa pili, Jumapili, shemeji akiwa ameshika skwiza.

Kwa metriki: lita 130 kwa mita za mraba 105.5, yaani lita 1.23 kwa mita ya mraba, mikono miwili. Kwa sehemu laini peke yake, mkono wa kwanza ulikuwa lita 0.56 kwa mita ya mraba.

Agosti 9: Gharama

Magari yalirudi baada ya siku tatu. Bei hizi zimejumlisha kodi na nimezikadiria kwa dola nzima:

Sila, ndoo 8 kwa 34: 272
Fila ya nyufa, galoni 2: 36
Kamba ya sponji: 14
Lami baridi, mfuko 1: 17
Sabuni ya mafuta na praima: 22
Skwiza zenye brashi, 2: 42
Fimbo ya kukorogea: 15
Maskintepu: 7

Jumla dola 425. Fundi mmoja alikuwa ametaka 610 kwa nyufa na mikono miwili, mwingine 390 kwa mkono mmoja wa kupulizia bila kugusa nyufa. Huyo wa 390 si rahisi hata kidogo, ukizingatia kwamba nyufa ndizo zenye kazi. Ukilinganisha na wa 610, tofauti ni dola 185 kwa mgongo wako na wa shemeji. Mtu mwenye njia laini isiyo na nyufa atapata faida kubwa zaidi, na mtu mwenye njia mbaya kuliko yetu ampe fundi.

Walioniuliza kama haya yanafaa Dar es Salaam au Mombasa: nyumbani huko nyua nyingi ni za matofali ya zege au saruji, na hesabu ya kuweka sila yake ni nyingine. Lakini kisanduku na mizani vinafaa popote, hata kwa rangi ya ukuta mpya wa plasta.

Robo tatu ya ndoo imebaki. Ina maji, ikiganda imekufa, kwa hiyo haiwezi kukaa bandani. Nimeifunika kwa nailoni chini ya kifuniko na kuiweka chini ya ngazi za ghorofa ya chini.

Aprili 19: Baada ya theluji

Zile futi 65 zenye kamba ya sponji zimekaa. Zimesinyaa kidogo katikati, ukucha unaingia lakini waya hauingii. Zile futi 30 zisizo na kamba zimezama, sehemu nyingine inchi nzima, na kwenye futi kama 8 fila imeachana na ukuta wa upande mmoja. Kiraka cha shimo kimeshikilia.

A na B ziko nyeusi. D imechunwa na sepeto la theluji, kokoto zinaonekana tena pale magari yanapokata kona.

Mei 31: Marekebisho

Ilibidi kusubiri hadi usiku uache kushuka chini ya nyuzi 50. Fila iliyozama niliikwangua, nikasukuma kamba iliyobaki juu yake, nikajaza nusu inchi: futi 30 zilichukua galoni 0.3, nikanunua chupa ndogo mbili kwa dola 13.

Sila ya chini ya ngazi ilikorogeka ikawa moja. Njia nzima sikuigusa. Mwaka mmoja ni mapema mno, tabaka zikirundikana huanza kubanduka kama ganda, na watu wengi hapa huacha miaka mitatu hivi. D peke yake, futi 84, mkono mmoja: paundi 10.6, pale ambapo kisanduku cha Julai kilikuwa kimetabiri 10.1. Ndoo sasa ina paundi 23 na kitu, na namba hiyo nimeiandika kwa kalamu nzito juu ya kifuniko pamoja na tarehe.